Pakiti ya betri ya taa ya dagaa: jinsi ya kuichagua na kuiunda ili ifike alfajiri

Kila giza likiingia, yaani siku zisizo na mbalamwezi, malalamiko ni yaleyale. Taa imewaka vizuri saa moja usiku, ikafika saa nane ikafifia, saa tisa imekufa kabisa. Dagaa waliokuwa wamekusanyika chini ya chelezo wametawanyika, na wavu umetupwa kwenye maji matupu. Asubuhi mwalo mzima unailaumu taa.

Taa mara nyingi haina kosa. Kosa liko kwenye pakiti ya betri: haikupigiwa hesabu, au iliundwa kwa seli feki, au haikuwahi kujaribiwa usiku mzima nchi kavu kabla ya kupelekwa ziwani. Hilo la mwisho ndilo linalorukwa na karibu kila mtu, na ndilo rahisi kuliko yote.

Mwongozo huu ni wa taa moja ya LED yenye pakiti yake, inayoelea juu ya chelezo chake kama zilivyokuwa zikielea karabai. Ukiwa na taa sita, unaunda pakiti sita. Usijaribu kuwasha taa zote kwa betri moja kubwa iliyo mtumbwini, kwa sababu waya utaburuzwa majini na siku moja utakatwa na wavu.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Seli 8 za LiFePO4 (aina mojawapo ya betri za lithiamu) za saizi ya 32700, za volti 3.2 na Ah 6 (ampea-saa, kipimo cha umeme ambao seli inabeba). Ukipata zilizokwisha kuchomelewa vipande vya nikeli, chukua hizo.
- BMS ya seli nne (4S) ya LiFePO4, ampea 10. Hiki ni kibao kidogo cha elektroniki kinachozuia seli zisijazwe kupita kiasi wala kukamuliwa mpaka mwisho.
- Utepe wa nikeli, upana wa milimita 8 na unene wa 0.15.
- Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, mwekundu na mweusi.
- Fyuzi ya ampea 5 na kikalio chake, ile ya gari.
- Malti-mita. Ya bei nafuu inatosha, mradi ina tundu la ampea 10.
- Chaja ya LiFePO4 ya volti 14.6, ampea 2 au 3. Ya pili, ndogo, ya volti 3.65 kwa seli moja ukiweza kuipata.
- Boksi la plastiki lenye mfuniko wa skrubu na raba, lenye maandishi IP67, pamoja na glandi mbili za kupitishia waya.
- Karatasi ngumu ya kuhami umeme, tepu, silikoni, pasi ya solda na risasi yake.

Mjini Mwanza vingi kati ya hivi vinapatikana kwenye maduka ya sola na spea za elektroniki. Chenye shida ni seli zenyewe, na nitazirudia.

Hatua ya 1: Pima taa, usisome boksi lake

Taa iliyoandikwa wati 50 inaweza kuwa inakula wati 10 tu. Nyingine imeandikwa 10 na inakula 15. Ukipiga hesabu kwa namba ya kwenye karatasi, unajenga juu ya mchanga.

Chukua betri yoyote ya volti 12 iliyojaa. Hamisha waya mwekundu wa malti-mita uingie tundu la 10A, geuza kitufe kiwe kwenye ampea za DC, kisha uweke mita katikati ya njia: chanya ya betri iingie kwenye mita, mita iingie kwenye taa, taa irudi hasi ya betri. Soma namba. Ampea zikizidishwa kwa volti za betri ndizo wati halisi. Ukiona ampea 0.8 kwenye volti 12.5, taa yako ni ya wati 10.

Angalizo: ukimaliza, rudisha waya mwekundu kwenye tundu lake la volti papo hapo. Ukiusahau kwenye 10A halafu ukaenda kupima volti za betri, umeifunga betri kwa shoti. Utaona cheche, fyuzi ya mita itakatika, na kama mita haina fyuzi itaungua mkononi.

Angalia pia volti zinazokubalika na taa. Pakiti hii hufika 14.6 ikiwa kwenye chaji. Taa nyingi za pikipiki huvumilia kuanzia 10 hadi 30 na zaidi, na hizo hazina tatizo. Vipande vya LED vya bei rahisi vilivyotengenezwa kwa volti 12 kavu vitapata joto na kufa mapema.

Na kabla ya kununua taa kubwa kuliko ya jirani, muulize ofisa uvuvi au viongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa mwalo) wa mwalo wako kiwango kinachoruhusiwa.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya usiku

Saa moja usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri ni saa 10. Wati 10 mara saa 10 ni wati-saa 100. Hicho ndicho chakula cha taa kwa usiku mmoja.

Sasa usinunue betri ya wati-saa 100. Betri inayokamuliwa mpaka tone la mwisho kila usiku haiishi, na seli zitapungua nguvu kadiri miezi inavyokwenda. Gawa kwa 0.8: unapata 125. Pakiti yetu ya seli 8 ina volti 12.8 na Ah 12, yaani wati-saa 153. Inabaki ziada ya kutosha, hata asubuhi mnapochelewa kuvuta taa ya mwisho.

Kama taa yako ni ya wati 15, hesabu inakuwa 15 mara 10, gawa kwa 0.8, ni 187. Hapo seli 8 hazitoshi, weka 12. Mpangilio ni uleule, ila badala ya jozi kila kundi linakuwa na seli tatu.

Hatua ya 3: Kwa nini LiFePO4

Betri ya risasi, ile ya gari au ya sola ya kawaida, ni rahisi kununua na kila fundi anaijua. Lakini ukitaka idumu usiitumie zaidi ya nusu. Kwa wati-saa 100 unahitaji ya wati-saa 200, yaani karibu Ah 17 kwa volti 12, na hiyo ni zaidi ya kilo tano juu ya chelezo kimoja. Seli zetu 8 zote kwa pamoja ni kilo moja na kidogo. Anayebeba taa sita kutoka mwaloni mpaka mtumbwini anaijua tofauti hiyo begani. Tena betri ya risasi hutoa gesi ya haidrojeni inapochajiwa, kwa hiyo haifai kufungiwa kwenye boksi lisilopitisha hewa, na sisi boksi lisilopitisha maji ndilo tunalolitaka.

Seli ndogo za lithiamu-ioni za 18650, za volti 3.7, ni nyepesi zaidi. Sizipendekezi hapa. Zikiumizwa au kujazwa kupita kiasi hushika moto kwa urahisi kuliko LiFePO4, na pakiti hii itasafiri kwenye mtumbwi wa mbao kando ya dumu la petroli ya injini. Isitoshe, soko limejaa za uongo. 18650 nzuri kabisa haizidi Ah 3.5 au hapo karibu; ukiona imeandikwa mAh 9900, yaani Ah 9.9, muuzaji anauza karatasi.

LiFePO4 ina faida nyingine ambayo mvuvi ataiona kwa macho: volti zake hazishuki taratibu. Zinakaa karibu na 13 sehemu kubwa ya usiku, na mwanga unabaki vilevile mpaka karibu na mwisho.

Hatua ya 4: Kagua seli kabla hujalipa

Nenda dukani na malti-mita yako, na kama unaweza, mizani ndogo ya kidijitali. Mwanza ni mji wa dhahabu. Mizani ya gramu haikosekani.

Uzito hausemi uongo. Seli ya 32700 ya kweli ya Ah 6 ina gramu kama 140. Ikiwa na gramu 90, hata ikiwa na plastiki ya kung'aa na namba nzuri, ndani hakuna kitu cha kutosha. Pima zote nane. Zikitofautiana kwa gramu moja au mbili si neno. Ikitofautiana moja kwa 15, irudishe.

Kisha pima volti. Seli mpya huwa na 3.2 hadi 3.3. Iliyo chini ya 2.5 usiichukue. Iliyo chini ya 2.0 imeshaumia ndani, na kuifufua kwa chaja ni kujitafutia balaa.

Muuzaji atakwambia, "Kaka, hizi ni orijino, mzigo mpya." Mjibu kwa upole, "Sawa bosi, basi tuzipime." Mwenye mali nzuri hakatai mizani.

Usichanganye seli za aina mbili, wala mpya na zilizotolewa kwenye betri kuukuu. Seli dhaifu hujaa kabla ya wenzake na huisha kabla yao, kwa hiyo pakiti nzima itafuata mwendo wake.

Hatua ya 5: Zisawazishe

Hapa ndipo pakiti nyingi zinapoharibikia, maana hatua hii inachukua muda na haionekani.

Seli mbili zinaweza kuonyesha volti 3.28 zote, kumbe moja imejaa robo tatu na nyingine nusu. LiFePO4 ndivyo ilivyo: volti hazisemi mengi katikati ya safari. Ukiziunganisha hivyo, BMS itakata chaji pale seli ya kwanza ikijaa, na nyingine hazitajaa kamwe. Taa itazima saa nane na utasema seli ni feki.

Njia nzuri: unganisha seli zote 8 sambamba, chanya zote pamoja na hasi zote pamoja, kisha uzichaji kwa ile chaja ya volti 3.65. Ni Ah 48 kwa jumla, kwa hiyo chaja ya ampea 3 inaweza kuchukua hata zaidi ya saa 16. Iache mpaka taa yake igeuke kijani, na usiondoke nyumbani kabisa ukiiacha peke yake.

Baadaye zitenganishe, uziache mpaka kesho yake, uzipime moja moja. Ni kawaida zishuke mpaka 3.33 hadi 3.40. Ukikuta moja iko chini sana ya wenzake, inavuja umeme ndani. Itoe.

Kama hukupata chaja ya 3.65, unda pakiti, uichaji kwa chaja ya 14.6, na uiache kwenye chaja siku nzima au mbili. BMS nyingi husawazisha seli zenyewe, ila kwa mwendo wa kinyonga.

Wakati seli zinajaa, fanya jaribio la boksi lililoko hatua ya 8.

Hatua ya 6: Unganisha jozi, kisha mfululizo

Vua pete, saa na bangili ya chuma. Kipande cha chuma kikigusa chanya na hasi ya pakiti hii kwa pamoja, kitakuwa chekundu kwa moto kabla hujakitoa.

Panga seli jozi nne. Ndani ya kila jozi zote mbili zielekee upande mmoja, chanya juu. Jozi inayofuata igeuze, hasi juu. Endelea kugeuza mpaka ya nne. Weka karatasi ya kuhami kati ya jozi na jozi, na kiduara chake kwenye kila ncha ya chanya, kwa sababu hapo ukingo wa seli, ambao ni hasi, uko milimita chache tu kutoka kwenye chanya.

Utepe wa nikeli uunganishe chanya ya jozi ya kwanza na hasi ya jozi ya pili, chanya ya pili na hasi ya tatu, chanya ya tatu na hasi ya nne. Zitabaki ncha mbili huru: hasi ya jozi ya kwanza na chanya ya jozi ya nne.

Usiweke solda moja kwa moja kwenye seli. Joto la pasi huingia ndani na kuharibu kitenganishi. Nikeli huchomelewa kwa mashine ya nukta, na mafundi wa betri za pikipiki za umeme wanayo. Wapelekee kazi hiyo, ni ya dakika chache. Wewe solda waya juu ya nikeli, mbali na kichwa cha seli.

Nikeli nayo hughushiwa: kuna chuma kilichopakwa nikeli, na kwa unyevu wa ziwani kitapata kutu. Kipande kidogo kisugue kwenye jiwe la kunolea la umeme. Chuma hutoa cheche. Nikeli halisi haitoi.

Utajua umefanikiwa ukipima kati ya ncha mbili huru na kupata karibu volti 13.3. Ukipata 6.6, kuna jozi iliyogeuka; ukipata sifuri, kuna nikeli isiyoshika. Usiendelee.

Hatua ya 7: BMS

Soma maandishi ya kwenye kibao. Lazima kiandikwe 4S na LiFePO4, au volti 3.2 kwa seli. Kibao cha seli za 3.7 kinafanana nacho kwa sura, lakini kitaruhusu seli ifike zaidi ya 4.2 wakati kikomo chetu ni 3.65.

Herufi B-, B1, P- na nyinginezo zimeandikwa kwenye kibao chenyewe. Anza na waya mnene wa B-, uuweke kwenye hasi ya jozi ya kwanza. Kisha nyaya nyembamba kwa mpangilio: B1 kwenye chanya ya jozi ya kwanza, B2 ya pili, B3 ya tatu, B+ ya nne. Kishikizo cha nyaya nyembamba kisiwe kimechomekwa bado.

Weka waya mweusi wa mita kwenye hasi ya pakiti, na mwekundu uguse tundu moja moja la kishikizo. Unatakiwa kusoma karibu 3.3, 6.6, 10 na 13.3, zikipanda kwa ngazi sawa. Namba ikiruka au ikijirudia, nyaya mbili zimebadilishana. Ukichomeka hivyo, kibao kinaungua hapohapo, mara nyingi bila hata moshi, na utakuja kujua ukiwa majini.

Namba zikiwa sawa, chomeka. Hasi ya taa na ya chaja itoke P-. Chanya itoke kwenye pakiti yenyewe kupitia fyuzi, na fyuzi ikae karibu na seli, isizidi shubiri moja. Inalinda waya unaoifuata, si ule unaoitangulia.

Pima kati ya chanya na P-. Ukikuta sifuri usishtuke: BMS nyingine hulala mpaka ziguswe na chaja. Iunganishe chaja kwa sekunde chache, kisha upime tena.

Hatua ya 8: Boksi

IP67 maana yake linavumilia kuzama mita moja kwa nusu saa. IP65 ni la kurushiwa maji tu, na chelezo kikipinduka halitakuokoa.

Toboa matundu ya glandi, funga glandi na vipande vya waya, kisha weka gazeti kavu ndani badala ya seli. Funga, weka jiwe juu, lizamishe kwenye ndoo usiku mmoja. Asubuhi gazeti liwe kavu kabisa. Likiwa na doa la unyevu, tafuta tundu; kwa kawaida ni glandi iliyobanwa kwenye waya mwembamba kuliko raba yake.

Likishapita, ingiza pakiti na ujaze nafasi kwa sponji ngumu isicheze. Matundu ya glandi yatazame chini au ubavuni, si juu. Lifunge boksi katikati ya chelezo, chini iwezekanavyo, ili uzito ukisaidie kusimama wimbi linapokuja.

Hatua ya 9: Chaji

Kwa umeme wa nyumbani ni rahisi: chaja ya 14.6 ya ampea 3 inahitaji saa nne au tano. Usitumie chaja ya betri ya gari yenye hali ya kufufua betri. Hupandisha volti kupita kiasi.

Kwa sola, unarudisha wati-saa 100 kwa siku. Mwanza siku ya jua nzuri hutoa kama saa tano za jua kamili, na upotevu njiani si mdogo. Hesabu inatoa paneli ya wati 30 hivi, chukua 40. Msimu wa masika, mawingu yakitanda tangu asubuhi, hata hiyo haitatosha na utahitaji umeme wa gridi au paneli kubwa zaidi. Kontrola ya sola iwekwe kwenye LiFePO4. Kama haina chaguo hilo, iache dukani.

Boksi likae kivulini wakati wa kuchaji, hata chini ya paneli yenyewe. Seli hizi hazipendi kuchajiwa zikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 45, na mchangani saa saba mchana boksi jeusi linafika huko haraka.

Hatua ya 10: Usiku mzima nchi kavu

Jaza pakiti. Saa moja usiku washa taa uani, andika saa. Usiichaji, usiiguse. Taa inayokula wati 10 itawaka saa 13 mpaka 15, yaani utaamka asubuhi ukiikuta bado inawaka, na itazima yenyewe jua likiwa limeshapanda.

Ikizima kabla ya saa 10 kutimia, pima haraka kila jozi kabla volti hazijapanda tena. Jozi moja ikiwa na 2.5 na nyingine zina 3.1, una seli mbovu au hukusawazisha. Zote zikiwa chini pamoja, ama seli ni ndogo kuliko zilivyoandikwa, ama taa inakula zaidi ya ulivyopima.

Rudia usiku wa pili. Matokeo yakikaribiana, ipeleke ziwani.

Mbalamwezi na matengenezo

Mwezi ukiwa mkubwa taa haivuti dagaa, na vyelezo vinakaa nchi kavu siku kadhaa. Pakiti ya LiFePO4 usiiache imejaa pomoni wala tupu. Iache karibu nusu na utoe fyuzi, ili hata swichi ikiguswa na watoto isikamuliwe. Wenye betri za risasi wafanye kinyume: wajaze kabisa, maana ikikaa tupu inaharibika. Jioni ya kuamkia giza la kwanza, ijaze upya.

Kila mwezi fungua boksi. Angalia kutu kwenye nikeli, raba ya mfuniko, na kama kuna seli iliyovimba. Iliyovimba haitobolewi wala kuchajiwa tena. Na pakiti ikianza kutoa moshi mtumbwini, itenge na petroli, imwagie maji mengi, na mkae upande unakotoka upepo.

Fyuzi ikikatika, usiweke waya wa shaba mahali pake. Tafuta shoti: mara nyingi ni waya wa taa uliosagwa na ukingo wa chelezo. Beba fyuzi mbili za akiba kwenye mfuko wa nailoni, pamoja na bisibisi ya mfuniko.

Seli zilizochoka zisichomwe moto na zisitupwe ziwani. Zifunge ncha kwa tepu, uzirudishe kwa fundi. Mara nyingi ndani ya pakiti iliyokufa kuna jozi moja tu mbovu, na seli sita zilizobaki bado zinafaa kwa taa ya nyumbani.